Nilivyotuliza mtandao wa madeni ya depo ya yaya

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ana depo ya unga wa mahindi Katuba, hapa Lubumbashi. Malori yanauleta kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Akina mama wa Kenya na Ruashi, komine za hapa hapa mjini, wanachukua mifuko kwa mkopo, kisha nao wanawakopesha wauzaji wadogo wa mitaani. Daftari lake lilikuwa na majina na kiasi, lakini halikuonyesha deni la nani limekwama kwa sababu ya nani. Nikamwahidi kumchorea kwenye simu: kila mtu nukta, kila deni mstari, na deni likiwa kubwa mstari unanenepa.

Nilitumia lugha ya programu ya JavaScript na D3, maktaba ya kodi ya kuchora data iliyotolewa mwaka 2011 na Mike Bostock na wenzake. Mchoro wa kwanza ulitoka haraka. Taabu ilikuja malipo yalipoanza kuingia. Kila nusu dakika ukurasa uliuliza seva kama kuna jipya. Likiwepo, nilifuta yote na kuchora upya. Nukta zilitawanyika kama vifaranga walioona mwewe, kisha zikatulia mahali pengine kabisa. Yaya alishazoea kwamba watu wa Ruashi wako juu kulia. Ghafla wako chini.

Nikaacha kufuta, nikawa nabadilisha data tu. Hapo nikaangukia kosa baya zaidi. Mteja mmoja alimaliza deni, nikamtoa kwenye orodha. Yaya akaniita: "Mudogo yangu, huyu mama alishaka kulipa jana, mbona deni liko kwake?"

Niliogopa kweli. Mtu angeweza kudaiwa mbele ya majirani pesa isiyo yake.

Chanzo nilikipata usiku. Usipoielekeza, D3 huoanisha data na maumbo kwa nafasi zao kwenye orodha. Ukimtoa wa tatu, wa nne anarithi duara la wa tatu, na jina nililokuwa nimeliandika mara moja tu, duara lilipozaliwa, linabaki palepale. Kwa hiyo ndani ya data() niliongeza ufunguo, d => d.id, ili kila mtu afuate namba yake mwenyewe. Mistari nikaipa namba ya deni lenyewe, si ya mkopeshaji na mkopaji, kwa sababu mwigo wa nguvu (sehemu ya D3 inayozisukuma na kuzivuta nukta mpaka zitulie) ukishaanza, source na target, yaani ncha mbili za mstari, zinageuka kutoka namba kuwa nukta nzima.

Ikabaki ile kuhamahama. Seva ilikuwa inaleta orodha mpya isiyojua nukta zilikuwa wapi. Sasa kabla ya kuipokea nazihifadhi za zamani kwenye Map, ghala la JavaScript la kutafutia kitu kwa ufunguo wake, na kila anayerudi nampa mahali pake (x, y) na mwendo wake (vx, vy). Mgeni namweka karibu na aliyemkopesha. Ukimwacha bila mahali, D3 inampangia yenyewe, pengine mbali na watu wake. Kisha naukabidhi mwigo nukta na mistari yote upya, na kuamsha kwa alpha(0.3).restart().

Hiyo alpha, kipimo cha nguvu ya mwigo kusogeza nukta, ni kama moto wa mbabula, jiko la makaa. Inaanza na 1, inapoa kidogo kidogo mpaka chini ya 0.001, kwa kawaida baada ya hatua kama 300. Nilipokuwa nairudisha 1 kila mara, nilikuwa nachochea moto mkubwa ili kupasha kikombe kimoja cha chai. Depo yenyewe niliifunga katikati kwa fx na fy, isisogee kamwe. Na yaya akiwa ameshika nukta kwa kidole, mabadiliko yanangoja mpaka aiachie.

Jumamosi mama mmoja wa Ruashi alilipa akiwa amesimama mbele yetu. Mstari wake ukafifia, nukta ikaondoka, jirani zake wakasogea kidogo tu. Yaya akamgeuzia simu: "Ona mama, umetoka."