Siku niliyokwenda Takwa baada ya kumzika Bizari

Bizari alikufa Jumanne usiku, ndani ya kapu la vitambaa chini ya cherehani yangu. Alikuwa na miaka 11, rangi yake ya manjano iliyoiva, na jina lilitokana na hiyo. Wiki mbili za mwisho alikuwa hali, anakunywa maji tu na kukonda, na daktari wa mifugo aliniambia wazi kuwa figo zimechoka. Nikamzika alfajiri uwani kwa shangazi, chini ya mwasumini, kabla majirani hawajafungua milango. Sitaki kusema uongo: niliona haya. Mwanamume mzima, fundi wa kanzu na kofia, ndevu zimeingia mvi, namlilia paka.

Na hapa Lamu kumlilia paka ni kazi, kwa sababu paka wamejaa. Kila baraza ina wake. Ukisema paka wako amekufa, jibu ni moja: "Fundi, paka tu! Shuka gatini ukachukue mwingine." Wenye huruma kidogo walinikumbusha kwamba hata jina la Abu Huraira, sahaba wa Mtume, maana yake ni baba wa kipaka, maneno yaliyonifariji kwa dakika kama tano.

Lakini taabu yangu hasa ilikuwa miguu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na kwa miaka yote ile nilizoea kukanyaga kwa mguu mmoja, wa pili nimeukunja pembeni, maana hapo ndipo alipolala yeye. (Aliwahi pia kulalia kanzu ya bwana harusi, usiku wa kuamkia ndoa, ila kisa hicho ni kirefu.) Jumatano nilishona hivyo hivyo, mguu nimeukunja, chini hakuna kitu. Alhamisi vilevile. Ijumaa baada ya swala nikakata kitambaa cha mtu, mkono wa kulia mara mbili, wa kushoto hakuna. Nikafunga duka.

Wazo la kwanza lilikuwa Shela, kilomita tatu hivi kwa miguu kando ya bahari. Nikaghairi. Shela nako kuna paka, tena kuna wateja wangu, na mteja akikukuta njiani hata salamu haijaisha keshauliza kanzu yake. Nilitaka mji ambao hakuna anayenidai wala anayenipa pole. Ndipo nikakumbuka Takwa, kisiwani Manda. Katika miji midogo yote ninayoijua, huo ndio mdogo zaidi: hauna mkazi hata mmoja. Wenyewe walihama miaka kama 300 iliyopita.

Takwa haiendewi saa unayopenda wewe. Chombo hupita kwenye hori nyembamba, mikoko huku na huku, na maji yakipwa hubaki tope tupu. Kwa hiyo ulizia kwanza maji yanajaa saa ngapi, ndipo upange safari. Jumamosi ile yalikuwa yajae saa nane mchana, tukang'oa nanga saa tano. Nahodha alikuwa mzee wa rika la marehemu baba. Nilimwomba mashua ya tanga, isiwe ya injini, maana sikuwa na haraka yoyote. Beba maji ya kunywa na chakula, kule hakuna duka. Mimi nilibeba mahamri na mbaazi, sikuvigusa.

Tulipoingia horini tanga likashushwa, mzee akashika upondo. Kimya. Kaa walikuwa wakikimbilia mashimo yao kila kivuli chetu kilipowapitia. Mara nikajitazama: nimekaa mguu mmoja nimeukunja. Ndani ya mashua!

Magofu yenyewe yamezungukwa na ukuta, na ndani kuna mibuyu minene iliyojiotea itakavyo. Msikiti umesimama, na juu ya ukuta wake wa kibla pana nguzo ambayo sijaona mfano wake msikiti mwingine. Milango ya nyumba karibu yote inatazama kaskazini, kibla. Mtunzaji alinieleza sababu za kuhama: wapo wasemao maji ya kisima yaliingia chumvi, wapo wasemao ni ugomvi na watu wa kisiwa cha Pate. Walivuka wakaenda kukaa Shela. Alipoona sina maswali akaniacha, na namshukuru kwa hilo kuliko kwa maelezo.

Nikakaa kwenye kizingiti cha nyumba moja. Nikawaza, siku ile ya kuvuka, paka wao waliwafanyaje? Paka si mbuzi, hafungwi kamba akafuata. Labda kuna aliyemtia wake kikapuni, akakwaruzwa mikono mpaka Shela. Labda kuna aliyeita, akaita, na maji yanapwa, na nahodha anapiga kelele. Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, maana wa kuonewa haya walikuwa mijusi tu, na nilipomaliza kwikwi ilikuwa bado inanirusha mabega kama mtoto.

Nje ya ukuta, upande wa maji, kuna kaburi la nguzo la karne ya 17. Mtunzaji alisema watu wa Shela mpaka leo huvuka kuja hapo kuomba dua ya mvua. Miaka yote hiyo. Na hakuna anayewaambia shekhe mwenyewe keshakuwa udongo, tafuteni mwingine.

Saa tisa na nusu mzee akapiga mluzi. Maji yalikuwa yameanza kurudi, tukapita tope mbili tatu kwa kuteremka na kusukuma. Tulipotoka horini akanitazama.

"Yeo hata mahamri hukula. Una nini, mwanangu?"

"Nimefiwa, mzee."

"Pole. Na nani?"

Nilitamani kusema shangazi, Mungu anisamehe, mzima wa afya. "Paka," nikasema.

Akapandisha tanga, akafunga kamba yake, akaketi kwenye usukani.

"Akiitwa nani?"

Siku nne zile hakuna aliyeniuliza hilo. Nikamwambia jina na rangi, nikamwambia alivyokuwa hali dagaa mpaka nimtoe vichwa, alivyowajua wateja wasiolipa akawageuzia mgongo. Mzee alicheka penye kuchekesha, pengine alinyamaza akatazama tanga. Tulipofunga gatini jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mapaa ya mji, nami ndiyo kwanza naanza kisa cha kanzu ya bwana harusi. Nikainuka niteremke. Akanishika mkono, akasema nikae kwanza nimalize.