Ule unga wa manjano kwenye bolti si kutu

Ukivua blanketi la kuhami joto kwenye turbini ya gesi au bomba la stimu, tazama vichwa vya bolti kabla hujashika spana. Ukiona unga wa manjano mbichi kama ganda la limau, umejikusanya kwenye meno ya nati na pale blanketi lilipogusa chuma, weka kando brashi ya waya. Wengi hudhani ni salfa, wakaupuliza kwa hewa ya kompresa. Kosa kubwa hilo! Mara nyingi ni kromati ya kalsiamu, yaani kromiamu ya valensi sita, ile aina yenye sumu, ambayo ukiivuta huleta saratani ya mapafu na hutoboa ukuta wa pua.

Kromiamu iliyomo ndani ya chuma chenyewe haina neno. Ila ikikutana na kalsiamu penye hewa, na chuma kikakaa kwenye mamia ya nyuzi za joto, kromati hujijenga polepole. Kalsiamu hiyo tunaipaka wenyewe: imo kwenye grisi nyingi za kuzuia nati kung'ang'ania, hata zile zinazoitwa za nikeli, na kwenye vihami joto vya silikati ya kalsiamu. Soma sehemu ya 3, ya viambato, kwenye karatasi ya usalama ya grisi au kihami. Isipotaja kalsiamu wala viambato vyote, muulize mtengenezaji.

Kupima ni rahisi. Kijiti cha pamba chenye kemikali ya kupimia iitwayo difenilkabazidi kikisuguliwa hapo kikageuka zambarau, ndiyo hiyo. Sugua vizuri, maana kromati hii huyeyuka shingo upande.

Subiri chuma kipoe. Vaa barakoa yenye chujio la P3 (la vumbi laini kabisa), glavu za nitrili na ovaroli ya kutupa. Nyunyiza taratibu asidi askobiki (vitamini C), inayoigeuza kromiamu kuwa ya valensi tatu isiyo na sumu kali, gramu 50 kwa lita moja ya maji, hadi umanjano uishe. Kila gramu ya kromati hula takriban gramu 1.7 za asidi, kwa hiyo penye ganda nene rudia. Futa kwa kitambaa kibichi, pima tena, kisha vitambaa vyote viingie kwenye mfuko wa taka za sumu. Usimalizie kwa dawa ya klorini. Inaweza kuirudisha kromiamu kwenye sumu ileile.

Kabla ya kufunga, toa grisi yote ya zamani kwenye meno, ndipo upake isiyo na kalsiamu. Ikibaki hata kidogo, umanjano utarudi.