Trekta ya kwanza: mimi nilianza na jembe

Kila niliyemwambia nataka trekta aliniuliza: "Ya farasi ngapi?" Swali hilo, la nguvu za injini, lina nafasi yake, ila haliji la kwanza. Kwanza ni kazi. Shamba letu ni udongo mfinyanzi, ule unaong'ang'ania jembe mvua ikinyesha, na mimi nilitaka plau ya disiki tatu, haro ya kuvunjia mabonge, na tela la kubebea mavuno. Plau ndiyo iliyoniamulia ukubwa wa injini. Halafu farasi zinazotangazwa huwa ni za injini; zinazofika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchulia, huwa pungufu. Muulize muuzaji namba zote mbili. Na uhakikishe mwendo wa PTO, ambao kwa trekta nyingi ni mizunguko 540 kwa dakika, unakubaliana na mashine utakazofunga.

Mpya ilinishinda bei, nikageukia zilizotumika. Hapo niliwekea mkazo spea kuliko umri. Massey Ferguson 135, kwa mfano, ilianza kuuzwa mwaka 1964 na bado spea zake zinatengenezwa. Trekta changa ambayo pampu yake ya haidroliki, ile inayonyanyua plau kwa nguvu ya mafuta, haipatikani itakulaza msimu mzima.

Kabla ya kwenda kuiona yoyote nilimwomba mwenye nayo asiiwashe. Injini ikishapata moto huficha mengi. Nikifika, naweka kiganja kwenye injini, nachomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na mimi naaga. Baada ya kuwasha natazama moshi. Moshi wa bluu usiokatika ni oili inaungua. Kisha fundi wangu hufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma: hewa ikitoka kwa nguvu pale, yeye husema injini "inapumua", yaani ringi na silinda zimekwisha.

Kuna moja ilikuwa imepakwa rangi mpya inang'aa, na mita yake ya saa za kazi ilisoma kidogo sana. Nikainama kwenye pedeli ya klachi. Michirizi ya kuzuia mguu usiteleze ilikuwa imefutika kabisa, chuma kimelika upande mmoja mpaka kimeinama. Pedeli haifiki hapo kwa saa chache. Mita hubadilishwa, rangi hupakwa, hata juu ya boliti zenye grisi kama walivyofanya hapo, lakini hakuna anayekumbuka pedeli. Tangu siku ile naanzia miguuni pa dereva.

Haidroliki ipime na mzigo. Funga plau, inyanyue, zima injini, kisha kaa pembeni mzungumze mambo mengine. Ikishuka palepale, sili au vali inavuja. Injini ikiwa bado imezimwa, shika shafti ya PTO uitikise juu na chini. Ikicheza sana, beringi zimelegea. Matairi ya nyuma nayo yatazame ubavuni, kwenye nyufa, maana jozi mpya ni mzigo mwingine kabisa.

Fremu ya kumkinga dereva trekta ikipinduka, pamoja na mkanda wake, kwangu haina mjadala. Trekta nyingi za zamani hazina. Atakayeendesha hii ni mdogo wangu, na shamba lina mteremko, kwa hiyo gharama ya kuifunga fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli ile niliiingiza kwenye bajeti tangu mwanzo.

Niliyoichukua rangi yake imepauka na kiti kimechanika. Iliwaka baridi bila kusumbua, ila plau ilishuka taratibu. "Mzee," nikamwambia muuzaji, "sili hizi utanipunguzia." Akamtazama fundi, akakubali. Tukalinganisha namba ya injini na ya chasisi na zilizo kwenye kadi, tukaziandika zote mbili kwenye mkataba, ndipo nikalipa.