Fidla ya umeme na noti isiyokubali kukaa

Fidla niliianzia kwenye kidumbak, muziki wa kuchezea harusini, huko Ng'ambo mjini Zanzibar. Kuna sanduku lenye uzi linalopiga besi, kuna vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo, kuna vijiti vya mkwasa na manyanga ya cherewa, lakini anayewainua watu vitini ni mpiga fidla. Baadaye nikaingia darasani, nikasoma noti, nikapiga Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani. Kwa miaka mingi mkono wa harusini na mkono wa darasani haukuelewana.

Kilichonipeleka kwenye umeme ni spika. Vijana wa bongo fleva waliniita tupige pamoja hotelini Nungwi. Fidla yangu ya mti niliifunga maikrofoni, na kila fundi mitambo alipopandisha sauti, ikapiga mluzi, akaishusha tena. Tumbo la fidla lina uwazi, linapokea mtetemo wa spika na kuurudisha. Usiku ule hata mimi sikujisikia.

Nikajinyima miezi minane, nikanunua ya umeme, isiyo na tumbo. Nilipoichomeka kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, ikatoa sauti ya bati linalokwaruzwa. Niliumia sana. Kumbe pikapu yake, kinasa mtetemo kile kinachobanwa chini ya daraja la nyuzi, haitaki kuchomekwa moja kwa moja; besi hufa, yanabaki makali. Inataka priampu, kikuza sauti kidogo cha awali, katikati, yenye ukinzani wa kuingilia wa megaohmu 1 hivi. Nikaipata, nikapunguza makali, nikaongeza mwangwi kidogo kuziba pengo la tumbo.

Hapo ndipo darasa liliponifaa. Umeme hukuza kila mkwaruzo. Upinde wa kidumbak hukandamizwa ili usikike juu ya ngoma. Huku nililazimika kuuvuta mrefu na mwepesi, kama nilivyofunzwa kwa Bach.

Lakini hakuna kilichonikosesha usingizi kama rast, mojawapo ya makamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Ukiianzia do, noti yake ya tatu haikai penye mi wala penye mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu hatua; iko katikati. Fidla haina vituo vya vidole, kwa hiyo kidole huipata. Tatizo lilikuwa kinanda cha studio, kilichokuwa kikipiga mi kamili chini yangu. Zilipokutana, mimi ndiye niliyeonekana nimekosea! Nikarekodi mara sita, saba. Mwishowe nikamwambia mtayarishaji: "Kaka, toa mi kwenye kinanda, niachie do na sol tu." Akasita, akajaribu. Rast ikapata pa kukaa.

Sasa natembea na fidla mbili. Moja nyuzi zake nimezifunga sol, re, la, mi; nyingine sol, re, sol, re, kama wapigaji wa Kiarabu. Masika wageni wakipungua hotelini, nafundisha watoto.

Wimbo ulipokamilika nilimpelekea maalim wangu wa kidumbak. Nikamwamkia, nikampa simu. Akausikiliza mara mbili, macho kayafumba.

"Rast imekaa, mwanangu," akasema. "Mwangwi umezidi."

Nimeupunguza.