Yule fundi aliyeshika kioo

Ziwa limechafuka tangu alasiri na boti hazitoki. Kliniki imetulia, nami nimepata wasaa wa kusoma habari za madaktari wa Antaktika.

Kila anayemtaja Leonid Rogozov humsifu kwa ujasiri. Mwaka 1961, akiwa na miaka 27, ndiye aliyekuwa daktari pekee katika kituo cha Wasovieti cha Novolazarevskaya. Mwisho wa Aprili kidole tumbo kikamshika. Nje dhoruba ya theluji, ndege hakuna. Akajipasua mwenyewe kwa ganzi ya kuchoma.

Ujasiri sawa, lakini mimi nimebaki nikiwawaza wasaidizi wake. Fundi mitambo alishika kioo na taa, mtaalamu wa hali ya hewa akashika vyuma vya kupanulia jeraha, na mkuu wa kituo akasimama kando, asije mmoja wao akazirai. Hakuna hata mmoja aliyesomea utabibu. Kabla ya kushika kisu, Rogozov aliwaeleza kila kitu: dawa gani wamchome akipoteza fahamu, na namna ya kumpulizia pumzi. Kioo kilimgeuzia picha, kwa hiyo alivua glavu akapapasa kwa vidole. Ilichukua saa moja na dakika 45, akipumzika kila baada ya dakika chache. Wiki mbili baadaye alikuwa amerudi kazini.

Hapa kisiwani kesi ikinizidi navusha mgonjwa hadi Mbita, kisha Homa Bay, na ikibidi Kisumu, kwenye ile hospitali ambayo watu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. (Nimecheka peke yangu kwa hilo.) Nikishaandika barua ya rufaa, mzigo tumeubeba wawili. Daktari wa barafuni wakati wa baridi hana wa kumwandikia. Daktari Jerri Nielsen alipogundua uvimbe kwenye titi lake mwaka 1999, katika kituo cha Marekani pale Ncha ya Kusini, alijitoa sampuli mwenyewe akisaidiwa na wenzake wasio wauguzi. Ndege haikuweza kutua. Ilimdondoshea dawa Julai, akaondolewa Oktoba.

Siku nyingine kule barafuni ni za meno yanayouma, kwani hata ung'oaji ni kazi ya daktari huyohuyo. Waaustralia nao humtaka daktari anayekwenda kukaa huko msimu wa baridi atolewe kidole tumbo kabla ya safari, hata kama hakimsumbui. Huo ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko ushujaa wowote.

Sisi tuna mlinzi wa usiku na nahodha wa boti. Hao ndio huwa karibu mama anapojifungua saa nane za usiku na muuguzi yuko peke yake. Mlinzi anajua kuwasha jenereta tu. Jumatatu nitamwonyesha jinsi ya kumpulizia hewa mtoto mchanga kwa ule mfuko wenye barakoa, na nahodha naye, akikubali kuamka mapema.