Ulimlilia nani kwenye ile filamu?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii swali limetoka kwa vijana, nalo limenikalia moyoni kuliko nilivyotarajia. Wameomba siku moja ya ibada yao watazame filamu pamoja, kisha wafungue Biblia wajadili walichokiona. Hawasemi filamu ya Yesu. Ile ya mwaka 1979 iliyofuata Injili ya Luka wameshaiona, wengine mpaka wanajua Petro atasema nini kabla hajafungua kinywa. Wanataka filamu za kawaida, hizi ambazo kila mtu anazitazama. Wazee wawili wakasema papo hapo kwamba dunia haina la kumfundisha mtoto wa Mungu. Mama mmoja akawajibu kwamba watoto wanazitazama tayari, tena peke yao, usiku, simu ikiwa chini ya shuka.

Mimi niko upande wa mama huyo, na sababu yangu ni nabii Nathani.

Mfalme Daudi alizini na mke wa askari wake Uria, akapanga Uria auawe vitani, kisha akakaa na dhambi hiyo miezi. Torati aliijua. Amri ya "usizini" na ya "usiue" hakuhitaji kusomewa na mtu. Nathani alipoingia kwa mfalme hakuanza na amri, alianza na hadithi: tajiri mwenye makundi ya kondoo na ng'ombe, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyekula tonge lake na kulala kifuani pake. Daudi akasahau kujilinda. Hasira ikamwaka kwa ajili ya mtu asiyemjua na mnyama ambaye hakuwahi kuwepo, akatoa hukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Ndipo likaja lile neno la 2 Samweli 12:7, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Bwana wetu naye alifundisha makutano kwa mifano. Paulo pale Areopago aliwanukulia Waathene mashairi ya watu wao wenyewe, washairi ambao hawakuwa wa sinagogi wala wa kanisa. Kwa hiyo mimi siogopi hadithi. Ninachoogopa ni hadithi ya Nathani bila mstari wa saba. Mngemwacha Daudi kwenye mstari wa sita angekwenda kulala anajiona mpenda haki, macho mekundu kwa huruma, na Uria yuko kaburini. Wengi wetu tukitoka kwenye filamu tumeishia mstari wa sita.

Niseme kwanza kuhusu kuwinda alama, maana huko ndiko tunakokimbilia. Mtu akiona msalaba ukutani, au steringi amenyosha mikono huku na huku, tayari amepata mahubiri. The Matrix ya mwaka 1999 ina mwanamke anayeitwa Trinity, mji unaoitwa Zion na chombo kinachoitwa Nebuchadnezzar, na nimeshasikia mahubiri mazima yaliyosimama juu ya majina hayo matatu. Filamu hiyo hiyo imechota pia kwa Wabudha na kwa wanafalsafa, na wokovu wake ni mtu kufumbuliwa macho ajue ulimwengu ni uongo. Majina ya Biblia yamo, toba haimo. "Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema," na kujaribu ni kazi.

Zipo ambazo alama ziliwekwa kwa makusudi. C. S. Lewis, mwandishi wa hadithi za Narnia, alikuwa Mkristo, na simba wake Aslan, tuliyemwona kwenye filamu ya Narnia ya mwaka 2005, anakufa mahali pa mtoto msaliti, kisha anafufuka. Sisi tuliokua tukiambiana kwamba steringi hafi, pale tulinyamaza. Ni fundisho zuri la kumpa mtoto, na halina haja ya maelezo mengi kutoka kwangu.

Halafu kuna filamu za watu walioishi kweli. Chariots of Fire ya mwaka 1981 inamwonyesha Eric Liddell, mwanariadha wa Scotland, akipata habari kwamba mchujo wa mita 100 utakimbiwa Jumapili, siku ambayo kwa imani yake hakukubali kushindana, wakati ndiyo kwanza anapanda meli kwenda Olimpiki ya Paris ya 1924. Inasisimua, ila haikuwa hivyo. Alijua miezi kabla, akakataa kimya kimya, akaanza kujiandaa kwa mita 400, na akazishinda kwa sekunde 47.6. Sinema hupenda utii wa dakika moja. Roho Mtakatifu mara nyingi hutuchukua miezi, tukiamka kila siku na uamuzi ule ule. Mwaka uliofuata Liddell akaenda China kuwa mmisionari, na mwaka 1945 akafia kwenye kambi ya kizuizini iliyokuwa chini ya Wajapani. Miaka hiyo ishirini, ambayo kwangu ndiyo ushuhuda wenyewe, filamu imeimaliza kwa maandishi machache mwishoni.

Lakini iliyonikamata wiki hii ni nyingine, nayo ni Les Misérables ya mwaka 2012, iliyotokana na riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862. (Karibu yote ni kuimba, wengine hilo litawashinda. Ina pia sehemu za ukahaba na maneno machafu, kwa hiyo wazazi na viongozi waitazame wao kwanza.) Kwa ambaye hajaiona: Jean Valjean ametoka gerezani baada ya miaka 19, kisa kilianza na kuiba mkate. Kila mlango umefungwa mbele yake. Askofu mmoja anamkaribisha, anamlisha, anampa kitanda, na usiku huo huo Valjean anaondoka na vyombo vya fedha vya mwenyeji wake. Polisi wanamrudisha akiwa amefungwa. Askofu anasema vyombo hivyo alimpa mwenyewe, halafu anamuuliza mbona aliacha vinara, anampa na hivyo. Kuanzia hapo Valjean ni mtu mwingine.

Mahali pale kila mtu analia. Nami nililia.

Sasa kuna mtu mwingine mle ndani ambaye hatumzungumzii. Ni Javert, askari anayemfuatilia Valjean maisha yake yote. Tumezoea kumwita adui wa filamu, lakini mtazameni vizuri. Javert hapokei rushwa. Si mlevi, si mzinzi, wala hamwonei mtu kwa faida yake. Anamwomba Mungu, na anachoomba ni amsaidie kumkamata Valjean. Kanisani kwetu angekuwa mzee wa kanisa, na angekuwa mzee mzuri: anafika mapema, vitabu vyake vimenyooka. Siku moja anakamatwa na waasi, wanamkabidhi kwa Valjean ili amuue. Valjean anamkata kamba, anafyatua risasi hewani, anamwambia aende zake. Javert hawezi kulibeba hilo. Baadaye naye anamwacha Valjean apite, kisha anajitupa mtoni. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani anakufa kwa hasira. Nadhani sasa anakufa kwa sababu amesamehewa, na mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kustahili hajui afanye nini na kitu asichostahili.

Wapendwa, niwaambie kwa nini hilo limenichoma wiki hii hasa.

Baraza letu la wazee limekaa juu ya ndugu mmoja aliyekuwa mhazini. Alichukua sadaka. Alikiri mwenyewe kabla hesabu hazijakaguliwa, akauza alivyouza akarudisha zote, akakaa chini ya nidhamu muda wote tuliompangia. Sasa anaomba kurudi kutumika, hata kama ni kufagia na kupanga viti. Mchungaji akazunguka akiuliza kila mmoja anasemaje. Zamu yangu ilipofika kifua kilibana. Mdomoni nilikuwa na aya zote za msamaha, na moyo ulikuwa unauliza: na sisi ambao hatukuiba? Niliomba nipewe muda.

Usiku ule ndipo Roho aliponikumbusha Valjean. Nilimlilia mwizi yule. Tena ukiweka kwenye mizani, ndugu yetu ana nafuu: Valjean alirudishwa na polisi, ndugu yetu alirudi kwa miguu yake. Valjean hakuwa na kitu cha kulipa, ndugu yetu amelipa. Basi kwa nini mmoja ananitoa machozi na mwingine ananibana kifua?

Jibu nililolipata si la kupendeza. Valjean hakuiba chochote changu. Huruma ninayompa hainigharimu kitu, nikishafuta machozi nimemalizana naye. Na filamu inanisaidia: muziki unaniambia mahali pa kulia, kamera inanisogeza karibu na uso wa mwenye dhambi mpaka naona midomo inavyotetemeka. Ndugu yetu hana muziki. Anakaa viti vya nyuma, anatoka kabla ya baraka ili asisalimiane na mtu, na hakuna kamera iliyowahi kunionyesha usiku wake. Huyo natakiwa nimhurumie kwa imani tu.

Ndipo nikafungua Luka 15 na safari hii sikwenda kwa mwana mpotevu. Nilikwenda kwa yule aliyekuwa shambani. Alifanya kazi miaka yote, hakuvunja amri, akasikia sauti ya nyimbo na machezo, na andiko linasema, "Akakasirika, akakataa kuingia ndani." Sikilizeni anavyomtaja mdogo wake mbele ya baba: "huyu mwana wako". Neno ndugu limemkataa mdomoni. Baba anamrudishia polepole, "huyu ndugu yako alikuwa amekufa, naye amefufuka." Na mwone mzee huyu: siku hiyo moja ametoka nje mara mbili, kwanza kumkimbilia aliyetapanya mali, halafu kumsihi aliyeitunza. Mimi huwa nadhani neema ni ya wale waliopotea mbali. Kumbe na sisi tuliobaki nyumbani tunahitaji mtu atoke nje kutusihi.

Niruhusuni niseme kwa ukali kidogo. Tunapenda sana ushuhuda wa jambazi aliyeokoka, akiwa mgeni kwenye mkutano. Tunampigia makofi, tunamwekea mikono, tunaomba namba yake. Jambazi huyo huyo akihamia ushirika wetu na kukaa safu yetu, tunavuta mikoba karibu. Kuna watu wawili wanaoimba kwaya moja na hawajasalimiana tangu mwaka jana, na wote wawili wamenisimulia, kila mmoja kwa wakati wake, jinsi filamu fulani ya msamaha ilivyowaliza. Bwana alimwambia Ezekieli kwamba watu walikuwa wakija kumsikiliza kama wimbo mzuri sana wa mtu mwenye sauti ipendezayo: "maana wasikia maneno yako, lakini hawayatendi." Kama hata nabii anaweza kugeuzwa burudani, filamu je? Na mahubiri ya Jumapili je? Machozi yako Mungu anayaona, ila Yakobo anasema "hukumu haina huruma kwake yeye asiyeona huruma," na huruma anayoizungumzia ni ya kumfanyia mtu anayekufahamu kwa jina.

Kwa vijana basi: mimi nitawaunga mkono. Ila filamu ikiisha msikimbilie kuuliza Yesu ni nani humu. Ulizeni kwanza mimi ni nani humu, na mtu asiruhusiwe kuwa steringi. Halafu ulizeni swali la pili: wakati natazama, ni nani nje ya filamu aliyenijia akilini? Jina hilo lisitajwe mbele ya watu, libaki kati yako na Bwana, na kabla ya kukutana tena uwe umempigia simu.

Kuhusu ndugu yetu, mtu asinielewe vibaya. Askofu wa filamu alitoa vinara vyake mwenyewe, sisi tunashika sadaka za watu. Paulo mwenyewe, aliposafirisha michango ya makanisa, alihakikisha hayuko peke yake ili mtu asipate la kulaumu. Kumsamehe ndugu hakutulazimishi kumkabidhi funguo za sanduku kesho, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema hataki kugusa pesa. Lakini Paulo huyo huyo aliwaandikia Wakorintho kuhusu mtu waliyemwadhibu kwamba sasa inatosha, wamsamehe na kumfariji, "asije akamezwa katika huzuni yake ipitayo kiasi." Nimeisoma aya hiyo na kuirudia. Nidhamu tuliyompa ilikuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe imepita. Tunachoendelea kumpa sasa sijui tukiite nini.

Baraza linakaa tena Jumamosi. Nitakalosema ninalo, lakini kabla ya hapo nataka kwenda kwake nyumbani, maana tangu jambo hili litokee sijakanyaga pale. Sijui nitaanza na neno gani. Mtuombee sote wawili, na mumwombee mkewe pia, ambaye katika vikao vyetu vyote hakuna aliyewahi kuuliza anaendeleaje.