Spana namba 17
Leo arobaini ya baba. Jana nilifungua sanduku lake la spana, nikakuta namba 17 haimo. Ni kama nilimsikia: "Nani kachukua?" Maana halali mtu kabla hajazihesabu.

Baba alikuwa fundi magari wa JWTZ. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera na daraja la Kyaka likalipuliwa, naye akapelekwa huko. Habari za risasi hakutusimulia kabisa. Alisimulia matope. Malori ya raia yaliyochukuliwa kusaidia vita, kila moja na ugonjwa wake, na yeye kalala chali kwenye utelezi, tochi mdomoni, anatafuta pampu ya dizeli inapovuta hewa. Kampala ilipoanguka, 11 Aprili 1979, "nilikuwa chini ya gari." Basi, hadithi imeisha.

Nyumbani alitusuka sisi mabinti wanne kabla ya shule, kwa mikono ileile yenye grisi kwenye kucha. Mama alilalamika weee! Ila mistari ilinyooka kuliko ya saluni.

Spana nimeiona leo asubuhi nikitandika kitanda. Iko chini ya mto wa mama.

Nimeirudisha palepale.